Jini aliyevunja sharti: kinachowagawa wasomaji sehemu mpya inapotoka

Sehemu mpya ya simulizi ya majini ikishatoka, Tanga haihitaji hata siku nzima kugawanyika. Asubuhi mtu anaisoma kwenye simu akiwa ndani ya daladala ya Pongwe, jioni yuko kijiweni Makorora anatoa hukumu. Mmoja atasema sehemu hii ni moto. Wa pili atasema ni chai tupu. Wa tatu atakubali kwamba imeandikwa vizuri, ila haitishi tena kama zile za mwanzo. Wa nne atasema mtunzi kaishiwa, anavutavuta tu ili watu waendelee kulipia. Na wote wanne wamesoma maneno yaleyale.

Asiyesoma hadithi hizi akiwasikiliza huchanganyikiwa, hasa akisikia hiyo habari ya chai. Anauliza swali ambalo ukilisikia mara ya kwanza unaliona la busara: mnasomaje hadithi ya jini, halafu mnalalamika kwamba mtunzi anadanganya? Si yote ni uongo tangu mwanzo? Swali hilo lina jibu, na jibu lake linaeleza sehemu kubwa ya ugomvi wenyewe. Naipenda fasihi hii, nimekua nayo, na huniuma inapotupwa kapuni kama upuuzi wa watu wasio na kazi. Kwa hiyo tuifafanue taratibu.

Tuanze na maneno. Simulizi, kwa maana wanayoitumia wasomaji wa leo, ni hadithi ndefu inayotolewa kipande kwa kipande. Kila kipande huitwa sehemu, na humalizikia na lile neno linaloumiza roho: Itaendelea. Stelingi ni mhusika mkuu, yule tunayemfuata na ambaye hatutarajii afe. Arosto ni kule kuhangaika ukingoja sehemu inayofuata. Chai ni uongo usio na ufundi, ule unaoushtukia papo hapo. Zipo simulizi za mapenzi, za kijasusi na za maisha. Hapa nazungumzia zile za kusisimua ambazo ndani yake mna nguvu zisizo za kawaida.

Nguvu hizo nazo haziko sawa, na msomaji wa pwani anazitofautisha kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Jini ana akili, ana ukoo, ana dini yake, na anaweza kuagana na binadamu. Mzimu umefungamana na mahali na wazee waliotangulia, na watu huupelekea sadaka. Mzuka hutokea ghafla, ukatisha, ukapotea. Msukule ni mtu anayeaminiwa kuchukuliwa kichawi huku ndugu zake wakizika kitu kingine wakidhani ni yeye. Chunusi humvuta mwogeleaji chini ya maji. Mtunzi akimpa msukule uwezo wa jini, au akauhamisha mzimu kutoka mahali pake kama mtu anayehama nyumba ya kupanga, wasomaji wa huku wanamshika hapohapo.

Baada ya hapo kuna swali ambalo kila hadithi ya ajabu lazima ilijibu, mapema au mwishoni: hili jambo la ajabu limefanywa na binadamu, au ni la ajabu kweli?

Zipo hadithi zinazojibu kwamba ni binadamu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alifanya hivyo katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichoshinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957 na 1958 na kuchapishwa mwaka 1960. Maiti inakutwa mahali pa mzimu, watu wana hofu zao, lakini mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake anafuata dalili na maneno ya watu hadi anamfikia muuaji mwenye nyama na damu. Arthur Conan Doyle wa Uingereza naye, katika hadithi ya mbwa wa Baskerville iliyotoka kwa sehemu gazetini mwaka 1901 na 1902, aliwatetemesha wasomaji kwa mbwa anayewaka usiku, kisha akawaonyesha kwamba alikuwa mbwa wa kawaida aliyepakwa fosforasi.

Zipo zinazojibu kwamba jini ni jini, basi. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani, hapahapa Tanga, aliandika Adili na Nduguze iliyochapishwa mwaka 1952. Humo majini wanazungumza na kuhukumu, na hakuna anayengoja mtu aje afichue kwamba yalikuwa mazingaombwe.

Halafu kuna njia ya katikati, ambayo ndiyo simulizi nyingi za sehemu huipita: msomaji anaachwa hajui. Tzvetan Todorov, mwanazuoni mzaliwa wa Bulgaria aliyefanya kazi zake Ufaransa, aliandika mwaka 1970 kwamba hadithi ya namna hii huishi kwa muda ule tu ambao msomaji bado anasitasita kati ya majibu hayo mawili. Akishajibiwa, imekwisha, imegeuka kuwa hadithi ya aina nyingine. Naona alikuwa sahihi, ila nadhani kusitasita kwa Tanga si kule alikokuwa anakufikiria yeye. Msomaji wa Paris anajiuliza kama kiumbe cha namna hiyo kinaweza kuwapo duniani. Msomaji wa huku mara nyingi hana shida na hilo; Kurani yenyewe ina sura nzima iitwayo Al-Jinn, ya 72. Yeye anajiuliza jambo la karibu zaidi: huyu anayebisha hodi usiku ni jini, au ni jirani mwenye uchu na kiwanja? Ameshaona katika maisha yake watu wakijificha nyuma ya majini ili kuficha tamaa zao. Hilo ndilo shaka lake, na mtunzi hodari wa pwani huchezea hapo.

Hapo ndipo zinapozaliwa kambi mbili. Kambi moja inasoma simulizi kama fumbo linalongoja kufumbuliwa. Nyingine inasoma kwa ajili ya jini. Kwa muda mrefu zinasoma pamoja kwa amani, kila moja ikiamini hadithi ni yake. Kisha inatoka sehemu inayoelemea upande mmoja. Chukua mfano: sauti za usiku zilizotisha ukoo mzima zinagundulika kuwa zilitoka kwenye spika iliyofichwa darini na shemeji anayeitaka nyumba ya urithi. Kambi ya fumbo inashangilia, kwa kuwa ilishamshuku shemeji tangu matanga. Kambi ya jini inasema: tumekosa usingizi miezi mizima kwa ajili ya spika? Ukizisikia kambi hizi zikigombana utadhani zinabishania ubora wa uandishi, kumbe zilikuwa na matarajio tofauti na hazijawahi kuambiana.

Nani ana haki? Mimi huangalia jambo moja. Kama mtunzi alishatuonyesha kitu ambacho spika haiwezi kukifanya, tuseme mtoto aliyetaja jina la babu ambaye hakuna aliyewahi kumtajia, basi kambi ya jini imedhulumiwa. Kama kila kilichotokea kinaweza kufanywa na shemeji mwenye ngazi na waya, basi mtunzi alicheza kwa haki na wao ndio waliojiongezea.

Na hili linatufikisha kwenye kiini cha mambo yote, ambacho ni masharti.

Jioni moja Ngamiani, kwenye kijiwe cha kahawa, nilimsikiliza dereva wa bajaji akibishana na mwalimu mstaafu. Simulizi waliyokuwa wakiigombania ina jini mwanamke anayekaa karibu na magofu ya Tongoni. Jina la simulizi naliacha, maana wapo ambao hawajafika hapo. Sehemu za mwanzo mtunzi alieleza wazi kwamba jini huyo haingii nyumba ya mtu mpaka aitwe kwa jina, mara tatu, na mtu aliyemo ndani. Sharti hilo ndilo lililoibeba hadithi. Usiku baada ya usiku alikuwa akiizunguka nyumba, mara anaiga sauti ya marehemu mama yake stelingi, mara analia kama mtoto mchanga, mara anabisha hodi saa nane za usiku, ili tu mtu ateleze ulimi. Halafu ikatoka sehemu mpya. Stelingi anaamka, anamkuta amekaa kitandani miguuni pake. Hakuitwa na mtu.

"Hiyo chai, mwalimu," dereva alisema, simu mkononi, kidole juu ya mstari wenyewe. "Kaingiaje?"

"Jini huyo, mwanangu. Jini anaingia popote."

"Jini wa kwetu anaingia popote, mwalimu wangu, sikatai. Huyu wa kwenye simulizi, mtunzi mwenyewe kasema haingii."

Mwalimu alinyamaza, akaongezewa kahawa, akataka aonyeshwe hayo yaliposemwa. Dereva akairudisha simu nyuma mpaka sehemu ya tatu, akapapata, akapasoma kwa sauti. Waliokuwa pembeni wakasogeza viti. Mzee mmoja ambaye hata simulizi yenyewe haisomi akaamua kesi: kama ndivyo ilivyoandikwa, kijana ana haki.

Angalia dereva alilalamikia nini. Hakusema majini hayapo. Alisema kwamba usiku wote ule aliokuwa akiuogopea mlango, mlango haukuwa na kazi yoyote. Hofu ya sehemu zote zilizopita ilisimama juu ya sharti moja, na sharti likiondolewa, hofu ile inaondoka pamoja nalo, mpaka ile aliyokwisha kuisikia. Ndiyo maana alikuwa na hasira ya mtu aliyeibiwa kitu alichokwisha kukitia mfukoni.

Fikiria bao la Kiswahili. Mashimo 32, kete 64, mnaanza na hatua ya namua kisha mnaingia ya mtaji. Hakuna anayekaa kwenye bao akiamini kwamba kete zile ni kitu kingine zaidi ya kete. Lakini mwenzako akianza kula kwa namna ambayo haikuwapo mlipokaa, utaziacha kete na kuinuka, na hakuna mtu barazani atakayekuambia mbona ni mchezo tu. Kwa vile ni mchezo, sheria ndizo zinazoufanya uwepo. Jini wa simulizi yuko vivyo hivyo. Hana mwili, hana ushahidi, hana cheti cha kuzaliwa. Kitu pekee kinachomfanya asimame mbele ya msomaji ni yale anayoweza na yale asiyoweza. Ukimwondolea yale asiyoweza, umemfuta.

Masimulizi ya kale yalilijua hili. Katika Alfu Lela Ulela yumo mvuvi aliyevua chupa ya shaba yenye muhuri wa Nabii Suleiman. Jini alipotoka aliapa kumuua aliyemfungulia. Mvuvi hakuwa na upanga wala uganga. Alimwambia tu kwamba haamini mwili mkubwa namna ile uliingiaje ndani ya chupa ile. Jini akajiingiza ili amwonyeshe, mvuvi akaziba. Tunafurahi kwa sababu vifaa vyote vya ushindi ule tuliviona mapema: chupa, muhuri, na kiburi cha jini. Hakuna kilicholetwa dakika ya mwisho. Katika Adili na Nduguze, jini Huria anawageuza nyani ndugu wawili waliomtendea uovu Adili, na Adili anapewa amri ya kuwachapa kila usiku, amri inayomuumiza yeye kuliko wanaochapwa. Jini ana uwezo mkubwa kupita kiasi, lakini kinachotushika ni kwamba agizo halitikisiki. Lingekuwa agizo ambalo Adili anaweza kulipuuza akichoka, kusingekuwa na hadithi.

Je, ina maana mtunzi hana ruhusa kabisa ya kuvunja sharti alilolitia mwenyewe? Anayo, tena kuvunjika kwa sharti huweza kuwa ndiyo sehemu tamu kuliko zote, ila lazima kuvunjika kule kuwe na mlango wake. Palepale kijiweni mtu mmoja alisema labda bibi wa nyumba ile ndiye aliyemwita jini usingizini, kwa sababu sehemu za nyuma zilionyesha kwamba bibi huongea akiwa amelala. Mkiwa na mtunzi mzuri, sehemu inayofuata italeta jibu la namna hiyo, na dereva wetu ndiye atakayekuwa wa kwanza kusema kumbe. Kwa hiyo yapo malalamiko yanayokuja kabla ya wakati wake. Msomaji aliye katikati ya simulizi hana njia ya kujua kama mtunzi amesahau au ameficha. Kitabu kizima kingempa jibu kwa kufunua ukurasa unaofuata. Simulizi ya sehemu inamweka na swali hilo siku kadhaa, na siku hizo ndizo za kugombana.

Lile lalamiko la kwamba haitishi tena lina chanzo kingine, na halihitaji maneno mengi. Sehemu ya kwanza kulikuwa na nyayo za maji sakafuni na harufu ya udi katika chumba ambacho hakuna aliyefukiza. Sehemu ya kumi jini ameonekana mwili mzima. Sehemu ya ishirini tumeambiwa baba yake ni mfalme chini ya bahari na ana majeshi. Ili stelingi asife, naye akapewa pete, kisha mganga mkubwa zaidi, kisha jini wake mwenyewe wa kumlinda. Sasa kila upande una kila kitu, na asiye na upungufu hawezi kuwa hatarini. Mtunzi alidhani anaongeza hofu kumbe anaongeza vita, na vita havitishi kwa namna ile. Mimi ningetoa majeshi yote yale nirudishiwe zile nyayo.

Wasomaji wa Tanga wana ukali mwingine ambao watu wa mbali huuona kama kuchagua sana, nao ni ukali wa mahali. Mtunzi akimtoa stelingi Mapango ya Amboni na kumfikisha Raskazone kwa miguu kwa dakika tano, hadithi imemfia mkononi. Mapango yako kilomita kama nane kaskazini ya mji, njia ya kwendea mpaka wa Horohoro. Raskazone iko ufukweni, upande mwingine kabisa wa mji. Akiyaweka magofu ya Tongoni njia ya Muheza badala ya njia ya Pangani, watamwuliza kama amewahi kufika. Kuna anayesema: umekubali jini, unashindwaje kukubali kilomita nane? Jibu ni kwamba nimekubali jini kwa sababu kila kitu kilichomzunguka ni cha kweli. Barabara, harufu ya mkonge, foleni ya dagaa, jina la mtaa, hivyo ndivyo vinavyomshikilia. Jambo moja lisiloaminika linahitaji mia yanayoaminika pembeni yake.

Hata hivyo kuna mahali ambapo wenyeji wenyewe hugawanyika, na Amboni ni mfano mzuri. Mapango yale ni ya mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji kwa mamilioni ya miaka, na ndani yake mna mahali ambapo watu hadi leo huacha sadaka. Pia kuna masimulizi ya siku nyingi kwamba njia zake za chini zinakwenda kutokea mbali sana, wengine husema Mombasa. Mombasa iko zaidi ya kilomita 100, na jiolojia haina pango la namna hiyo. Mtunzi akimpitisha stelingi humo na kumtokeza Mombasa, nusu ya wasomaji watasema chai, nusu watasema hilo babu alinisimulia. Hapa mimi niko na hao wa pili. Mtunzi hakutunga uongo wa ramani. Ameingia ndani ya hadithi ambayo mahali penyewe tayari panayo, na hadithi hiyo ni mali ya Tanga sawa na mawe yale. Ila akifanya hivyo asimfikishe kwa nusu saa. Njia ndefu ya gizani itumike kama njia ndefu.

Sasa tumgeukie mtunzi, kwa sababu hukumu ya kwamba kaishiwa hutolewa kwa wepesi mno. Mwandishi wa riwaya aliye nyumbani na daftari lake, akifika sura ya ishirini na kuona kwamba sharti la sura ya tatu linambana, anarudi nyuma, analifuta, hakuna anayejua. Mtunzi wa simulizi hana ruhusa hiyo. Sehemu ya tatu imeshakaa katika simu za watu. Imesomwa, imerudiwa, na kuna dereva wa bajaji anayeikumbuka kuliko yeye. Kila sehemu inayotoka ni ahadi ambayo haiwezi kurudishwa, na anaandika inayofuata huku watu wakimwuliza mbona kimya.

Kile kimya kinauma kwa sababu za kibinadamu kabisa. Mwaka 1928 Maria Ovsiankina, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Berlin, alichapisha majaribio ambayo watu walipewa kazi ndogondogo wakakatizwa katikati. Walipoachwa wenyewe, wengi waliirudia kazi ile bila kuagizwa na bila malipo yoyote. Jambo lililoachwa nusu linamvuta mtu. Itaendelea inafanya kazi palepale, na arosto ndiyo jina letu la mvuto huo. Lakini arosto ya wasomaji ndiyo inayomfanya mtunzi aandike haraka, na haraka ndiyo inayomsahaulisha sharti la sehemu ya tatu. Wanaomsukuma na wanaomhukumu ni walewale.

Hili si la leo wala la kwetu peke yetu. Desemba 1893 Conan Doyle, akiwa amechoshwa na mpelelezi wake Sherlock Holmes, alimwangusha kwenye maporomoko ya Uswisi katika hadithi ya gazetini. Wasomaji walikasirika, wengi wakaacha kulinunua gazeti. Hadithi ile ya mbwa anayewaka, ya mwaka 1901, ndiyo aliyomrudishia Holmes kwa mara ya kwanza, akiieleza kama kisa cha kabla ya kifo; mwaka 1903 akaona bora aseme kwamba hakufa kabisa. Wapo waliolipokea jibu hilo na wapo walioliona la kulazimisha. Kwa hiyo mtu akikuambia wasomaji wa Tanga ni wasumbufu, ujue anawaonea.

Niseme pia juu ya tuhuma ya ushirikina, kwa kuwa huwa inatolewa kwa sauti ya juu na watu wenye heshima zao. Wanasema kijana anayesoma habari za majini usiku kucha anafundishwa kuamini uchawi. Hofu ya imani na hofu ya simulizi zinaweza kulingana mapigo ya moyo, lakini zinampeleka mtu pande tofauti. Mwaka 1995, habari za popobawa, kiumbe anayesemwa kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala, zilipoenea Pemba, watu walitoka vyumbani wakalala nje kwa makundi wakikesha. Hiyo ni hofu ya mtu anayeamini hatari imo ndani ya nyumba yake. Msomaji wa simulizi anafanya kinyume: anazima taa, anavuta shuka, anafungua sehemu inayofuata. Anajua mahali pa kufunga simu. Tena ule ubishi wa masharti unamfundisha kuuliza nani kasema nini, lini, na kama maneno ya leo yanalingana na ya jana. Mtu aliyezoea kumbana mtunzi kwa namna hiyo hawi mwepesi wa kulaghaiwa na mganga tapeli.

Kuna chanzo kimoja cha ugomvi ambacho hakihusu uandishi hata kidogo, na kwa maoni yangu kimewaharibia watunzi wengi jina. Yule mwalimu wa Ngamiani hakuwa na kumbukumbu mbovu. Nakala aliyotumiwa ilianzia sehemu ya saba. Hakuwahi kuliona sharti lile la mlango. Alimtetea jini kwa nia njema kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ana mipaka. Simulizi zinapohama kutoka simu hadi simu, sehemu zinaruka, mbili zinaunganishwa kuwa moja, mtu anafupisha mazungumzo ili ziingie, mwingine anabandika mwisho wake mwenyewe kwa kuwa amechoka kungoja. Baada ya muda watu wawili wanaobishana hawana hadithi moja mikononi. Mmoja anasema bibi aliongea usingizini, mwingine anaapa hakuna kitu kama hicho, na wote ni wakweli.

Mtunzi ndiye anayelipa gharama. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi yake na jina lake juu ya kazi hiyo, simulizi ikiwa imo, hata kama haijawahi kuchapwa kitabu. Lakini ni vigumu kuitegemea sheria wakati nakala imeshapita mikono mia na hakuna anayejua ilikatwa wapi. Kwa hiyo kabla ya kumwita kaishiwa, tazama namba za sehemu ulizonazo, moja baada ya nyingine, uone kama hakuna iliyoruka. Ikikosekana, mwombe mtunzi mwenyewe. Ndiye mwenye zote kwa mpangilio, na aghalabu ameandika jina lake na namba ya simu chini ya kila sehemu. Mstari huo ndio ambao wanaozisambaza huufuta kwanza.